Chai Tuliyomwaga Kikima

Mugisha, uko? Nimeaibika, hata sijui nianzie wapi.

Nimekutana na Mama Mumbua hapa Kikima sokoni. Yule wa Krismasi ya 93, tukiwa vijana wamishonari wa Mormoni, wewe umetoka Uganda juzi tu. Alituletea chai, na kwa sababu kanisa letu limekataza majani ya chai, tukaimwaga nyuma ya nyumba. Halafu tukarudisha vikombe tukasema asante mama, tamu sana!

Alituona!! Miaka yote hii alijua!

Ameniambia bila hasira: "Haikuwa na majani, mwanangu. Nilichoma sukari nikatia kwa maziwa ipate rangi, ndiyo na nyinyi watoto wa mbali mpate chai ya Krismasi."

Alichoma sukari, Mugisha. Mwaka ule mvua ilikataa. Na sisi tukamwaga.

Nimeomba msamaha, akacheka, akanivuta mpaka kwake, akanipikia chai tena. Ameweka kikombe mbele yangu akauliza: "Utakunywa, ama nitoke kidogo?"

Nimekunywa yote nikiangalia chini. Sikuuliza kama ina majani.