Siku Nilipomkana Fundi wa Gobore

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
6 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Hamis,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka vizuri, wewe na Mama Zamda na wote hapo Liwale. Vipi macho? Yale matone uliyoandikiwa huku yanasaidia? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, usome mwenyewe polepole, usimpe mtu akusomee.

Sisi huku wazima. Sabaha kifua kilimbana wiki mbili zilizopita, lakini sasa analala bila kukohoa. Watoto wanaenda shule. Dukani Kariakoo biashara ya vyombo inasuasua, ila hatulali njaa.

Najua simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Hata ungepokea, haya nisingeweza kuyatamka huku nikisikia unavyopumua upande wa pili.

Zamda alinipigia Jumapili. Alisema umelipeleka gobore lako kituoni ukalisalimisha, na askari alipokuuliza thamani yake ili ajaze fomu, ukamjibu, "Andika halina. Mpwa wangu wa Dar ndiye anayejua." Nilikuwa dukani napanga masufuria. Nilikaa chini palepale katikati ya maboksi. Mteja alisubiri mpaka akachoka, akaondoka.

Mjomba, siku ile ulipokuja Dar na gobore, ulinyamaza, na mimi nikajifanya hakuna kilichotokea. Sasa acha niseme.

Kosa lilianzia kwangu. Ni mimi niliyekwambia kwenye simu kwamba mjini bunduki ni mamilioni. Nilikuwa najisifu tu, kama tunavyofanya sisi wa Bongo tukiongea na watu wa nyumbani. Wewe ukayachukua maneno yangu kwa uzito. Macho yanakusumbua, huwezi tena kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, ukaona bora uliuze. Ukahangaika na kibali cha polisi, ukapanda basi na gobore limefungwa kwenye kanga ya Mama Zamda. Ulisema kama za kiwandani ni milioni tatu, lako ulilolitengeneza mwenyewe halitakosa laki tano, maana kwa miaka thelathini na nane halijawahi kukuangusha.

Tulipoingia lile duka la silaha pale Mchafukoge, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Elibariki. Wewe hukumjua. Ndiye mfanyabiashara wa jumla anayenipa mzigo wa vyombo, na siku ile alikuja kuchukua bunduki mpya ya kulindia ghala lake. Tangu tufahamiane nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mtoto wa karani wa bandari ya Mtwara, nimekulia kwenye nyumba ya serikali. Sijui kwa nini nilianza uongo huo. Ukishaanza, unalazimika kuutunza.

Mwenye duka, Mzee Heriel, hakuwa mtu mbaya. Alilifungua gobore taratibu, akaligeuzageuza, akapitisha kidole kwenye kitako cha mninga ulichokichonga mwenyewe. Akasema, "Mzee, mkono wa fundi unaonekana. Ila bei halina. Hii ya Elibariki ni milioni tatu na laki mbili, na mtu halipii chuma peke yake. Analipia namba, karatasi, vipuri. Ikileta shida kuna kiwanda cha kuuliza. Hili likileta shida, nimuulize nani?"

Ukanitazama. Nadhani ulitaka jibu nilitoe mimi, upate raha ya kusikia mpwa wako anakutaja.

Elibariki akacheka. "Nassibu, hilo bomba la maji umelitoa wapi? Na huyu mzee ni nani yako?"

Nikamjibu, "Mzee tu wa huko kusini, nimemsindikiza. Hayo wanatengeneza mafundi wa porini, hata majina hawana."

Na nikacheka. Mjomba, nilicheka kwa sauti.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka sita, ukanichukua kwako. Mpunga uliolindwa na gobore lile ndio ulioninunulia sare na madaftari mpaka kidato cha nne. Na siku ulipolijaribu mara ya kwanza, nakumbuka ulitukusanya watoto wote, ukatuficha nyuma ya nyumba pamoja na Mama Zamda, ukaenda kulifyatua peke yako kule bondeni, ili kama lina kasoro likuumize wewe. Heriel aliuliza amuulize nani. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na wewe ulikuwa umesimama hatua moja kutoka kwangu.

Ulilifunga tena kwenye kanga, ukasema, "Bei nimeisikia. Twende." Ulikuwa ukae mpaka Jumapili. Kesho yake asubuhi ukaomba nikupeleke stendi. Sabaha aliniuliza kuna nini, nikamwambia umekumbuka nyumbani. Kwa hiyo hata mke wangu nilimdanganya. Jana nimemweleza yote. Alikwenda kuendelea kufua, na mpaka sasa ninapoandika anazungumza nami kwa shida.

Baada ya simu ya Zamda nilirudi kwa Heriel. Nilimwambia, "Yule mzee ni mjomba wangu. Amenilea. Gobore lile alilitengeneza yeye."

Akavua miwani. "Bei isingebadilika," akasema. "Lakini ungeniambia siku ile ningempa kiti."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ulisimama muda wote ule, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi na Elibariki.

Elibariki naye nilimfuata ghalani kwake. Nilipomaliza kusema aliniuliza, "Mimi mama yangu kanisomesha kwa kuuza pombe ya mbege. Ulidhani nitakudharau?" Nikamkumbusha kwamba alicheka. Akasema, "Nilicheka bomba. Ungesema ni mjomba wako, ningemwamkia." Aliniomba nikufikishie samahani zake, nami nazifikisha. Zangu siwezi kuzituma kwa karatasi.

Nimeuliza, na nimeambiwa silaha ikishasalimishwa hairudi. Sitakuahidi kitu nisichoweza. Ila nakuja. Nitapanda basi Ijumaa ya wiki ijayo, peke yangu. Ukiniruhusu, nitakwenda kituoni kwa yule askari nimtajie jina la fundi, hata kama fomu haina pa kuliandika. Kisha jioni, watu watakapokusanyika barazani kwako, nitawasimulia mwenyewe nilichokifanya Dar, kabla hawajakisikia kwa mwingine. Ukiona sistahili kuingia ndani, nitalala kwa Zamda, na asubuhi nitarudi tena kubisha hodi.

Nisalimie sana Mama Zamda, umwambie kanga yake naikumbuka. Msalimie Zamda na mumewe, na Bibi Ummy kama mguu wake umepona. Sabaha na watoto wanakuamkia wote.

Mungu akutunzie nuru ya macho yako, na akuzidishie umri ili nipate muda wa kukuomba radhi.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na ninayekuonea haya,

Nassibu