Hilo Bati Achukue Yeye

Jumapili, 3 Machi

Leo wamegawana mali ya Baba. Nasema wamegawana kwa sababu mimi kazi yangu ilikuwa kupitisha vikombe. Kaka kapata kiwanja. Kaka huyo huyo kapata gari. Mjomba ndiye aliyekuwa anakata maneno, miwani puani, hakimu wa kujiteua. Mwisho nikauliza: na mimi? Mama akaangalia chai yake. Kaka akanyoosha kidole dirishani, kule uani, kwenye boti ya Baba ya aluminiamu. Imepinduliwa karibu na choo tangu Baba aanze kuumwa, kuku wanatagia chini yake. Akasema hilo bati achukue yeye, wauza vyuma chakavu watamfaa. Wakacheka! Mjomba alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Na Mama alitabasamu. Nilimwona.

Nilisema asante. Kwa adabu, mikono miwili. Lakini kaka yangu huyu nimemweka kiporo.

Jumatatu, 4 Machi

Nilipotoka kazini nililipindua bati langu. Peke yangu, kwa ubao na tofali. Kuku walinitukana. Ndani: majani yaliyooza, chupa, kiatu kimoja cha Baba. Benchi la mbao la katikati limekuwa unga, ukilishika linabaki mkononi. Lakini bodi ni nzima. Imekwaruzika, imebonyea, basi. Walipokuwa wanacheka hakuna aliyetoka kwenda kuiangalia.

Nitaitengeneza mwenyewe, kwa vya hapa hapa nyumbani. Pale bwawani watu wa mwisho wa wiki wanakodi maboti ya mbao yanayonuka, tena kwa foleni. Hii ikielea naacha udobi. Nimechoka kusimama na pasi mkononi nikinyoosha mashati ya watu. Na suruali nyeupe za Kaka, bure, eti ni ndugu! Akitaka kupanda boti yangu atasimama kwenye foleni. Nitamwambia subiri. Akisogea tena nitamwambia subiri tena.

Jumamosi, 9 Machi

Wiki nzima nasugua. Siki, ndimu, stili wulu ya kusugulia masufuria. Vidole vimechubuka, ndimu inaingia kwenye michubuko, natukana. Kila nikifika pagumu namfikiria Mjomba anavyofuta miwani, na uchafu unatoka wenyewe.

Leo nimeijaza maji. Ukitaka kujua boti inavujia wapi huiweki majini. Unaipandisha kwenye matofali, unamimina maji ndani, unalala chali chini yake na kuangalia. Nililala na chaki ya kuchorea nguo, na kila lilipotokea tone nilizungushia duara. Inavuja hasa! Mama alipita na ndoo, akainama, akasema mwenzetu kapata surua. Nikacheka. Halafu nikakumbuka lile tabasamu lake, nikaacha kucheka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemleta fundi wa kuchomelea wa barabarani. Cheche, ndivyo wanavyomwita. Akaigonga kwa kidole, akasema dada, mashine yangu itaitoboa tu, aluminiamu ina gesi yake na mimi sina. Ila shida yako ni hizi ribiti, zimelegea. Alinionyesha: vile vipini vya kichwa cha mviringo vinavyoshona bati na bati. Zitoe, weka mpya, utashinda. Kanipa na kifuko cha ribiti zilizobaki alipotengeneza bodi ya lori. Mtu mwema. Nimemwambia alete mashati yake.

Tatizo ni kwamba ribiti inataka watu wawili. Mmoja anagonga, mwingine anabana chuma kizito upande wa pili, la sivyo haifungi. Akaniuliza, mtu unaye? Nikasema ninaye.

Sina.

Jumapili, 17 Machi

Mama!

Nilikuwa nimekaa naangalia matundu. Akatoka na kigoda chake na ile pasi ya mkaa ya zamani, nzito, ya chuma kitupu. Hakuuliza kitu. Boti nimeiegemeza ukutani kwa ubavu. Akaingia ndani, akakaa kama muuzaji kibandani, akabana pasi kwenye tundu la kwanza. Haya, gonga, akasema, nisije nikalala humu.

Nikagonga. Mchana kutwa mimi nje, yeye ndani. Goti linamsumbua, na hakuachia hata mara moja. Kila ribiti ikikaa anapiga kelele kutoka ndani: hiyo imeingia! Akanisimulia siku Baba alipompandisha boti hii mara ya kwanza. Alilowa mpaka kiunoni, akamnunia Baba wiki nzima. Sikuwahi kuisikia hiyo, na umri wote huu ninao! Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Leo nilisahau kumchukia Kaka. Jioni akapiga simu, mbona suruali yake haijawa tayari? Nikakumbuka.

Jumamosi, 23 Machi

Imekwisha. Benchi nimelichonga kutokana na mlango wa zamani wa stoo. Kingoni nimeizungushia mpira wa tairi la baiskeli. Rangi ni ya paa, ile ya fedha iliyobaki. Nimeijaza maji tena, nimelala chini mpaka mgongo ukafa ganzi. Hakuna tone. Hakuna hata jasho! Mlinzi wa bwawa kaniahidi nafasi ya kuegesha kuanzia mwezi ujao. Mama kailetea kitambaa na anaifuta kama sahani za wageni.

Ni nzuri. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine wa kuniandikia. Ni nzuri na nimeitengeneza mimi.

Jumapili, 24 Machi

Kaka kaja na wifi. Kuiona tu, meno yote nje. Kaizunguka, kaipapasa, kasema kumbe bado ngangari! Halafu ndipo siri ikatoka. Bosi wake anapenda kuvua. Kuna cheo kiko wazi. Kaka anataka kumpeleka Bosi bwawani kwa "boti ya nyumbani kwetu".

Nikamwambia boti ni ya kukodi, foleni inaanzia pale. Nikamwonyesha banda la kuku. Raha niliyoisikia! Wifi alikohoa kuficha kicheko. Kaka hakucheka. Aliingia chumbani kwa Mama, mlango ukafungwa.

Mlango ulifungwa muda mrefu mno.

Jumapili, 31 Machi

Kikao. Mjomba na miwani yake. Kasema hivi, nayaandika yalivyo nisije siku moja nikadhani niliota: sisi tulikupa bati. Bati ni lako, hakuna anayekataa. Lakini hii sasa ni boti, na boti ni ya marehemu, na cha marehemu ni cha mwanawe wa kiume.

Nikasema, basi nitoe ribiti zangu, nikwangue rangi yangu, nimpe lililobaki. Mjomba akasema nisilete utoto.

Nikamgeukia Mama. Mama, sema basi. Pasi umeshika wewe.

Akakunja kile kitambaa, akakikunjua. Akasema mpe tu mwenzio, mwanangu. Kaka yako akipanda cheo tumepanda wote. Wewe una mikono, utatengeneza kingine.

Kingine!

Sikulia mbele yao. Nilikwenda kwenye banda la kuku, nikalia na kuku. Ya Mjomba nimezoea, ya Kaka nimezoea. Ile pasi ndiyo inaniuma. Angekaa ndani ya nyumba siku ile asinishikie, leo nisingeumia hivi.

Jumatatu, 1 Aprili

Dawa yao inachemka.

Ijumaa, 5 Aprili

Sabuni. Nimeipata nikiwa kazini, mche mkononi, nafikicha kola. Tenki la mafuta likitoboka njiani dereva anaziba na sabuni na anafika. Inashika vizuri sana. Lakini ni sabuni. Kwenye maji inarudi kwao, inayeyuka.

Nilitoboa kopo, nikaziba, nikalitia kwenye beseni. Likakaa. Nikanyoosha mashati, likakaa. Niliporudi mara ya tatu lilikuwa limezama.

Mama kaenda kwenye kikundi chake, nikabaki peke yangu na boti. Nimetoa ribiti sita, mstari mmoja, chini kabisa nyuma ya benchi. Ninazijua zote, ningeweza kuzipa majina. Zimekatika kwa shida, Mama alibana vizuri. Nimejaza sabuni, nimesawazisha kwa kidole gumba, nimepaka rangi ya fedha juu. Hata Cheche asingeona.

Sitaki Kaka afe. Naliandika hili nilisome mwenyewe: sitaki afe. Kuogelea anajua, Baba alitufundisha pamoja. Na wavuaji wanakaa kandokando, maji ya kifuani. Nataka alowe tu. Nataka asimame majini na suruali nyeupe mbele ya Bosi, bati likizama taratibu, mimi niko ukingoni. Nitamwuliza, Kaka, hiyo ni bati au ni boti?

Nimecheka peke yangu. Kicheko hakikunipendeza lakini nimecheka.

Jumamosi, 6 Aprili

Wamekuja na pikapu kuichukua. Kaka kaazima na injini ndogo. Kanipigapiga begani, kasema usinune, kesho njoo, kuna vyombo vya kubeba.

Suruali yake nyeupe nimeinyoosha. Nimeitia wanga.

Jumapili, 7 Aprili

Naandika nimekaa chini. Sakafuni, ndani ya boti. Tuko majini.

Niandike haraka. Asubuhi nimefika bwawani na kapu la vyombo, nimechagua jiwe langu la kukalia, moyo mweupe kabisa. Bosi kaja. Mnene, mpole, anaomba samahani hata kwa miti. Kavaa jaketi okozi lake mwenyewe, lile la kuelea majini. Mara namwona Kaka kamnyanyua Mama mikononi! Kama bibi harusi! Anampeleka kwenye boti. Anasema leo Mama ndiye wa kuizindua boti. Mama anacheka, viatu vimening'inia. Na hawakai kandokando, wanavuka kwenda ng'ambo, huko ndiko samaki wakubwa.

Mama hajui kuogelea.

Nilimvuta Kaka pembeni. Nikamwambia ribiti za chini hazijakaa. Akasema wivu huo. Nikamwambia waziwazi: nimezitoa mimi, kwa mkono wangu, nimeziba na sabuni. Akaniangalia hivi, akacheka kwa sauti ya chini ili Bosi asisikie. Akasema nilijua tu utatafuta la kuniharibia, ila hili la sabuni ni kali! Akachungulia ndani ya boti. Anaona rangi tu. Nimefanya kazi nzuri mno.

Nikamwambia Mama, shuka. Mama akasema mwanangu, angalau leo tu, usinune.

Boti ina jaketi okozi moja. Nilimvalisha Mama kwa nguvu, nikafunga kamba zote, akalalamika linambana. Halafu nikapanda. Kaka akasema nani kakuita? Nikakaa chini nyuma ya benchi, juu ya mstari wangu. Matundu matatu nimeyakalia. Mawili nimeyakanyaga kwa visigino, kimoja kimoja. La sita nimelibana na tambara la mfukoni. Nikatoa daftari ili nionekane nina sababu ya kukaa chini. Mama kawaambia mwacheni huyo, tangu mdogo akinuna anaandika.

Tuko katikati sasa. Ng'ambo miti ni midogo. Sabuni imeshaanza, naisikia ikiteleza chini ya visigino, na gauni limeloa nyuma. Ila nikibana maji yanatulia. Nimepiga moyo konde: nitakaa hivi hivi mpaka ng'ambo, nitakaa hivi hivi kurudi, Mama ashuke mkavu, halafu lolote. Kaka apate cheo chake. Naapa nilikuwa nimeshaamua.

Bosi kapapasa ubavu wa boti. Anauliza kazi safi hii, fundi wako nani?

Kaka kasema ni mimi mwenyewe, Bosi. Jioni jioni, nikitoka kazini.

Bosi anasema wewe! Kwa mikono yako?

Nimemwangalia Mama. Mama kaangalia maji. Kaweka kiganja juu ya ribiti za ubavuni, zile za siku ile, anazipitia moja moja kwa kidole. Nikasema kimoyomoyo: sema, Mama. Neno moja. Nitabana mpaka miguu ife.

Mama kasema, huyu mwanangu mikono yake ni ya baba yake.

Na kamshika Kaka bega.

Bosi anampa Kaka mkono. Injini inanguruma vizuri. Wote watatu wanaangalia mbele.

Nimeinua kisigino cha kulia. Kidogo tu. Maji ni ya baridi, yanapanda