Mama Ipyana Hakukataa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nimekaa mlangoni, mjukuu wako Upendo amelala mapajani, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue amejigeuza. Mguu wako unaendeleaje? Barua uliyompa yule dereva wa lori la vitunguu ilinifikia imelowa pembeni, lakini nimeisoma yote, hata pale wino ulipotoka. Nimefurahi kusikia mtama mmepata na kwamba unakwenda kisimani mwenyewe. Sisi huku tunapumua. Mvua haijatupa nafasi, nepi za mtoto nazikausha juu ya moto zinanuka moshi, na njia ya kwenda Ngana tunaipita khanga zimekunjwa hadi magotini.

Umeniuliza kama bado nafanya ile kazi unayoiita ya kuwauliza watu maisha yao, na umesema niiache nije nipumzike kwako. Nitakujibu, Mama, lakini kwanza nikueleze lililonipata. Hata Baba Upendo sijamweleza lote.

Unajua tangu Baba Upendo apunguzwe kazi kule bandarini Itungi analima mpunga kwenye shamba la marehemu baba yake, na mimi nikapata kazi kwa hawa watafiti wa chuo kikuu. Wako wa kila namna. Wengine wanakamata mbu na kupima maji ya mashamba, wengine wanapima damu za watoto, wengine wanataka kujua nani anaishi na nani, wanakula nini, na mtoto akiugua nani anaamua apelekwe hospitali. Wote wanatafuta jambo moja, kwa nini watoto wa huku wanaishiwa damu. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya mwandiko, na kwa sababu Kinyakyusa sasa nakisema bila watu kunicheka sana. Nazunguka nyumba kwa nyumba na fomu, Upendo mgongoni, na siku ya vipimo naita majina.

Katika kijiji kimoja cha Ngana, vipimo tuliviweka uani kwa mzee mwenyekiti wa kijiji. Ana nyumba ya bati, ana meza, ana kibaraza kisichovuja. Mzee mwenyewe alifurahi, akatoa viti, akakaa pale karibu na meza tangu asubuhi akiwatania akina mama kwamba leo serikali inanyonya damu. Watu walikuja wengi. Mtoto anatobolewa kidole, tone linawekwa kwenye kimashine, na aliyekutwa hana damu anapandishwa gari la mradi siku hiyohiyo hadi hospitali.

Wanne hawakuja. Mama, naomba unisikilize vizuri hapa. Niliwaona. Walikuwa wamesimama ng'ambo ya uzio, kwenye migomba, wana watoto mgongoni, khanga wamejifunika hadi usoni. Nikawaita kwa majina. Mzee alipogeuza kichwa kuangalia ninamwita nani, wakainama wakarudi nyuma. Nikaita tena mara mbili. Jua lilikuwa limekwenda, Upendo analia anataka ziwa, msimamizi wetu anauliza tumebakiza wangapi. Nikachukua fomu zao nne nikaandika amekataa, amekataa, amekataa, amekataa. Chini yake nikaweka jina langu.

Wale wanne ni wakamwana wa mwenyekiti, wake wa wanawe. Huku mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia porini, hamtazami, hakanyagi alipo yeye. Nilikuwa nimelisikia hilo, lakini mimi baba mkwe wangu alikufa kabla sijaolewa, hakuna aliyewahi kunifundisha kujificha, nikadhani ni mambo ya zamani. Na ningeweza kujua, Mama. Si hata kwetu baba alikuwa hali chakula mbele ya bibi aliyekuzaa wewe?

Msimamizi aliacha kwa mwenyekiti orodha ya waliokataa, ili awahimize. Mzee akaona wakamwana wake wote wamo. Unaweza kufikiria aibu aliyoipata.

Wiki ya tatu mtoto mmoja kati ya wale wanne akafa. Aliitwa Ipyana, wa miaka miwili. Na mradi una fomu ya vifo pia, ndefu kuliko zote, na kijiji kile nilipangiwa mimi. Nikaenda. Mama Ipyana ni msichana tu, nadhani mimi namzidi umri. Alikuwa amekaa chini na wanawake wa matanga, akanisalimu ugonile kama kawaida, akanisogezea kigoda. Nikamuuliza yote yaliyoandikwa. Alianza kuugua lini. Viganja vilikuwa vyeupe? Ndiyo. Alikuwa anapumua haraka? Ndiyo. Alikuwa anakula udongo? Alikula ule wa ukutani. Anajibu polepole ili niwahi kuandika. Mwisho kuna swali la kama alipimwa na mradi, na kama hakupimwa, sababu. Nikamuuliza kwa nini alikataa.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Nani alikataa, dada? Mimi nilisimama pale migombani tangu asubuhi na mtoto mgongoni. Wewe ulikuwa unaniona. Baba mkwe alikuwa amekaa mezani, ningepita wapi?"

Akasema kwamba watu wote wanajua jina lake liko kwenye orodha, kwamba mazishini shangazi wa mume alisema mbele ya wote kuwa amemuua mtoto kwa kiburi, gari lilikuja hadi mlangoni akalikataa. Mume ameshatamka kuwa matanga yakiisha anamrudisha kwao Matema. Hakulia. Aliniambia tu, "Andika kwamba sikukataa."

Nilirudi kwa msimamizi na zile nakala za kaboni. Si mtu mbaya, na siku hiyo alikuwa na homa yake mwenyewe. Nikamwomba tufute lile neno, na meza tuihamishie shuleni. Akanionyesha fomu kwa kalamu.

"Dada, hapa kuna nafasi tatu. Amekuja, hayupo, amekataa. Hakuna nafasi ya migomba."

Akasema karatasi zimeshakwenda Dar es Salaam, kwamba tukigusa moja zote zinapoteza maana, na kwamba habari za fomu hazitoki nje ya mradi, nilitia sahihi. Ni kweli nilitia sahihi.

Kesho yake nikaenda peke yangu kwa mwenyekiti. Mimi si mkwe wake, naweza kukaa mbele yake. Nikamweleza kwamba wakamwana wake walikuja, wote wanne, na neno lile nililiandika mimi, kwa mkono wangu, na Mama Ipyana hana kosa. Alikwaruza udongo kwa fimbo. Nilidhani atanifukuza.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema. "Ningekwenda shambani. Asubuhi moja tu. Mngefanya kazi yenu."

Mama, ni hilo tu. Angechukua jembe lake akaondoka. Daktari na mashine na gari, wasomi wote wale, na mimi mwenye mwandiko mzuri, hakuna aliyefikiria kumwambia mzee atoke uani kwake.

Jioni ile aliwaita wanawe na yule shangazi akawaambia mwenyewe. Mama Ipyana hakurudishwa kwao. Nilimpitia juzi, alikuwa anapepeta mchele, akasema ndaga, asante ya huku, akaendelea kupepeta. Sikukaa.

Msimamizi alipata habari, akanidai begi na fomu zilizobaki. Kwa hiyo kazi sina tena, na wewe utasema basi njoo. Sitakuja bado, Mama, usinikasirikie. Wale wakamwana watatu waliobaki, watoto wao hawajapimwa hadi leo, na mmoja nimemshika viganja mwenyewe, sikupenda nilichokiona. Gari la mradi limehamia vijiji vya ziwani. Nimepatana na akina mama, Jumatatu alfajiri tunakwenda hospitali kwa miguu, Upendo namchukua. Mzee ameahidi kwamba asubuhi hiyo hatatoka ndani hadi tuwe tumevuka mto.

Nisalimie mjomba Elia wa mashine ya kusaga, shangazi Damari aliyenilea nikiwa na surua, na mdogo wangu Yona, mwambie akaze masomo lakini akakutekee maji kwanza. Mkumbuke Ipyana mnapoomba kanisani. Mguu usiulazimishe.

Kutoka kwangu, mwanao anayekupenda na ambaye hutamwona mwaka huu,

Mama Upendo