Tangazo Nililolibandua Mlangoni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia kidogo na unashuka mwenyewe kuangalia migomba yako. Mimi mzima, ila baridi ya Sumbawanga inanifundisha adabu. Mwambie shangazi huu ni mwaka wa tatu na sijaona mchawi akiruka na ungo. Wafipa ninaowaona wanalima ulezi, wanakwenda misa na wanachoka kama sisi.

Juzi kwenye simu ulinitaka nimwandikie mkuu wangu wa kazi barua ya kuomba radhi ili yaishe. Simu ikakatika kabla sijajibu. Jibu ni hili: siombi.

Sikiliza ilivyokuwa. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu cha afya, mtu wa kwetu Mbeya kabisa, alibandika tangazo mlango wa mapokezi: HAPA NI KISWAHILI TU. Alidai lugha za makabila zinachelewesha foleni. Basi akaja Bibi Skolastika, mkulima wa kijiji cha jirani. Huku mtu mzima hataji shida kabla ya salamu. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anakuuliza habari za nyumba yako mpaka ziishe. Karani akamkatiza.

“Bibi, hapa Kiswahili. Sema shida au pisha wenzako.”

Bibi aliona aibu mbele za watu, akaondoka na kidonda chake mguuni bila kukitaja. Mimi nilikuwa chumba cha sindano, sikujua lolote. Alirudi wiki iliyofuata amepakiwa bodaboda, mguu umevimba hadi gotini. Nilichuchumaa nikaitikia salamu zake zote, kwa Kifipa nilichofundishwa na mama mwenye nyumba wangu hapa Katandala tukipepeta ulezi. Ndipo akasema kwamba alishakuja wiki iliyotangulia, na kwa nini aliondoka. Amekatwa vidole viwili vya mguu, Mama. Nilikwenda mlangoni nikalibandua lile tangazo foleni nzima ikiniangalia, na hasira ile bado ninayo.

Mfawidhi akaniita ofisini.

“Wewe Mnyakyusa, Mmoraviani, Kifipa kinakuhusu nini? Au wameshakubatiza huko?”

Nawe uliniuliza hivyo hivyo, ikaniuma zaidi kutoka kwako. Sijabadili dhehebu. Jumapili naimba kwaya kanisani kwetu, Jumamosi naongozana na mama mwenye nyumba kwenye jumuiya yao ya Wakatoliki, kwa sababu nilipougua malaria ni wao waliokaa kando ya kitanda changu. Sioni cha kutubu hapo.

Unasema Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Kweli, na ndicho ninachokuandikia. Lakini baba alipofariki ulilia Kinyakyusa, na hakuna aliyekuambia upishe wenzako.

Alhamisi nitasimama mbele ya kamati ya kituo. Wanaweza kunisimamisha kazi. Naogopa, sikufichi, na usingizi umepungua. Hata hivyo maelezo nimeshayaandika, na neno samahani halimo.

Nisalimie kaka Ambakisye, aache kunitafutia uhamisho nyuma ya mgongo wangu. Msalimie shangazi, na mchungaji wetu umwombe aniombee, kwa lugha yoyote aipendayo.

Bibi Skolastika amesema atakuja kunitetea, na atasema Kifipa. Katika kamati ile Wafipa ni watatu. Nataka nione ni nani kati yao atakayemtazama usoni amwambie haelewi.

Ni mimi binti yako, kichwa kigumu kama ulivyonizaa,
Atupele