Herufi mbili kwenye dosye ya Mama Nabintu

Kasenga, Jumanne

Herufi, herufi tu! Tangu chuo kikuu kilipokubali kutambua mafunzo yetu ya uchungaji, mwalimu wetu amesahau Kiswahili. Ni UE badala ya somo, ni VAE badala ya kuhesabiwa uzoefu wa kazi, ni upuuzi mtupu.

Leo Mama Nabintu alitoka Nyakabere na dosye yake, faili la karatasi zake, akiomba miaka yake ya huduma ihesabiwe kama masomo ili naye awe mchungaji.

"VAE yako inalingana na UE gani?" mwalimu akamuuliza.

"Hiyo siijui, Mwalimu. Minye niliosha maiti wakati wa kipindupindu. Watu walikuwa wanakimbia."

Mwalimu hakuinua hata macho. Akaandika HC juu ya dosye.

Nje, mama akanishika mkono. "Weye unasoma kwake. HC iko nini?"

Ni kifupi cha Kifaransa cha kusema hafai. Sikumwambia; nikamtabasamia tu.

Nikarudi ndani, nikamwomba mwalimu aandike sababu yake kwa maneno mazima, mama aweze kuisoma. Akashika kalamu, akaangalia dirishani, akaifunga dosye. Mwoga! Hana ujasiri wa kuandika neno moja la Kiswahili.

Nami je? Mama alipanda pikipiki akinishukuru, akidhani, kwa lile tabasamu langu, HC ni habari njema.