Mashetani Wamefungwa, Dawa ya Nini?

Mama,

Asalaam alaykum, wewe uliyetutangulia. Afadhali nikwambie mwenyewe: niliacha vidonge. Niliviacha mwezi wa Ramadhani ulipoandama.

Si ukaidi. Tulipokuzika, Shangazi Zuhura alihamia kwetu anitunze. Siku ya kwanza ya kufuturu akakiona kikopo cha dawa kando ya tende. "Mwezi huu mashetani wamefungwa, baba," akaniambia. "Dawa ya nini?" Akakiweka juu ya kabati, akanitengenezea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi. Nikanywa. Wewe pia ulininywesha kombe, lakini kidonge kilitangulia.

Na nilifurahi, Mama, usinikasirikie. Mikono iliacha ule mtetemeko wa vidonge. Wakumbuka nilivyokuwa nikishona kofia, mishono inapinda kama njia ya siafu? Ikanyooka. Mwenye duka wa Makadara akaniagiza kofia ya Idi, na Shangazi akapiga vigelegele utadhani naoa.

Lakini tangu juzi redio ya jirani inanitaja. Inasomwa bei ya sukari, katikati nasikia jina langu. Najua si kweli. Najua, kisha nasogea ukutani nisikilize. Naogopa, Mama. Ule mwaka uliponitoa chini ya kitanda, nami nakutukana, nakwambia wewe si mama yangu, ilianza hivi hivi. Jana nimeitazama sambusa ya Shangazi nikashindwa kuila, nikidhani ameitia kitu. Shangazi, ambaye hata kuku hawezi kumchinja!

Wewe ulikuwa ukikaa mbele yangu mpaka nimeze. "Wafungwe wasifungwe, wewe meza." Nikisema nimepona, sina haja ya dawa tena, unacheka: "Nyumba haivuji, ndiyo ung'oe mabati?"

Leo alasiri nimemweleza Shangazi yote, hata la sambusa. Amepanda kiti, amekishusha kikopo, na kesho asubuhi atanipeleka kwa daktari. "Nilitaka upumzike tu, baba," amesema, akalia. Sikuweza kumlaumu.

Hapa adhana ya magharibi imenikatiza. Nimerudi sasa. Tende, kidonge, kisha kombe lake, na yeye amekaa mahali pako, ananitazama koo. Kimeshuka. Redio bado inanitaja. Haitanyamaza leo, hilo nalijua, lakini sikusogea ukutani.

Mama, Mungu akulaze pema. Nakuahidi nitameza nikiumwa, na nikiwa mzima nitameza vile vile. Mwenye duka nitamwambia atafute fundi mwingine. Kofia hii niliyoianza nitaimaliza mwenyewe, nusu imenyooka, nusu itapinda. Siku ya Idi nitaivaa nije kaburini kwako, uione ile nusu iliyopinda, ujue mwanao yuko salama.

Mwanao,
Athmani