Mkate Wetu Karabai Ndogo

Katubuka,
Kigoma.
24 Machi 1998

Mpendwa mwanangu Anatoli,

Marahaba. Najua shikamoo umeitoa kabla hujafungua bahasha, basi nami naitika nikiwa huku huku. Hujambo, baba? Kile kifua cha wakati wa mvua kimekuacha? Na chumba chako bado kinavuja? Nakuombea kwa Mungu uwe mzima, ule ushibe, na hao wakubwa wako wa kiwanda cha kuchapa wasikuelemee na kazi.

Nikutajie wa nyumbani mmoja mmoja, usije ukaniuliza. Bibi yako Leonia yupo. Miguu inamsumbua, ila mdomo haumsumbui, bado anatugombeza wote. Dada yako Wema hajambo, tumbo limekuwa kubwa, tunamwombea ajifungue salama baada ya Pasaka. Mdogo wako Gasper hajambo, anasoma. Mama yako mdogo Spesiosa anakusalimu sana ingawa hamjaonana, na mtoto wake Aurore ameanza kuota meno, ukimpa kidole anakuuma. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujakaa mahali pake.

Huyo Spesiosa nilikuandikia habari zake alipokuja, lakini sikukueleza zote kwa kuwa barua nayo hupita mikononi mwa watu. Hii anakuletea Martini wa hapa jirani, anapanda nayo treni leo kuja huko Dar, kwa hiyo nasema. Alivuka kutoka Burundi na mimba, wakamwandikisha kwenye kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Akatoka kuja kutafuta vibarua vya kufua, akanifulia mimi, akalala siku moja, na kambini hakurudi tena. Kibali cha kutoka kambini hana. Na sasa watu wa ng'ambo wanaotembea mjini bila kibali wanakusanywa na kupakiwa malori. Tangu hapo hatoki nje ya uzio wetu. Mimi nimemfanya mdogo wangu wa tumbo moja, na anayeniuliza namjibu hivyo.

Kwao Rumonge, huko huko Burundi, alikuwa mwokaji. Ndiye aliyetujengea tanuri la udongo nyuma ya jiko, na ndiye anayelijua. Anatupia unga kidogo ndani, ukiungua upesi anasubiri, ukigeuka rangi taratibu anasema sasa. Mikate tunaiokea kwenye makopo ya mafuta ya msaada tuliyoyakata, tunayapaka mawese mkate usishike. Anatoli, ungeusikia ule mkate unavyonukia! Majirani walikuwa wanakuja kuununua ukiwa bado moto.

Baadaye wenye maduka wa Gungu wakautaka pia, ila wakasema mkate wa dukani lazima uwe na karatasi na jina. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sasa linaninyima raha.

Unaukumbuka mkate wa Karabai? Ule wenye picha ya taa, wa tanuri kubwa la Mzee Feliksi. Marehemu baba yako akitoka ziwani alfajiri, na taa yake ya karabai bado ina joto, alikuwa anatuletea mkate huo. Mkate mwingine mzuri kuliko ule sikuujua. Nikasema basi wa kwetu tuuite Karabai Ndogo. Fundi viatu akatuchongea muhuri wa taa kwa soli ya ndala, tukawa tunagonga kwenye karatasi.

Mwanangu, mimi sikuona kosa. Wewe mwenyewe jina lako ni la Mzee Anatoli, mvuvi wa Kibirizi. Tulipokupa jina lake tulimpelekea kapu la vyakula kumwambia amepata somo. Kapu likarudi limejaa dagaa, halafu akaja mwenyewe na wageni wake kukuona, akakufunika kitenge. Hivyo ndivyo ninavyojua mimi. Jina la mtu ukilichukua umemheshimu, na unakwenda kumwambia.

Basi nikaenda. Nilipanga mikate kwenye kapu, kila mmoja na karatasi yake, nikajifunga kitenge kipya nikaenda hadi kwa Mzee Feliksi. Akanikaribisha kiti. Nikamwambia, "Mzee, tumekuzalia mjukuu, huyu hapa, anaitwa Karabai Ndogo." Akacheka, akasema, "Ahsante, mama, ahsante sana." Lakini pale alikuwepo mkwewe, Gervasi, yule anayesimamia mauzo. Yeye hakucheka. Alichukua mkate akawa anageuza karatasi tu, mkate wenyewe haunusi.

"Mama, hii taa kachora nani?"

Nikamwambia fundi viatu.

"Na nani anawaokea? Huu si mkono wa hapa."

Hapo ndipo ninapojiuma kidole hadi leo. Nilifurahi kusifiwa, nikamwambia yote. Nikamwambia ni mdogo wangu Spesiosa, katoka Rumonge, anajua tanuri kuliko wanaume. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kapu langu lilirudi baada ya siku chache, kaliweka mlinzi wao mlangoni akaondoka bila kubisha hodi. Unajua kwetu kapu halirudi tupu. Basi halikuwa tupu. Mikate yangu yote ilikuwemo, imekauka, haikukatwa hata mmoja. Karatasi ndizo hazikuwemo.

Spesiosa alipoona hivyo alikaa chini akamshika mtoto mpaka jua likazama.

Tangu siku ile maduka ya Gungu hayachukui tena. Mmoja ananiambia mkate umelala, mwingine ananiambia njoo kesho, na wote hawanitazami usoni. Halafu akaanza kuja mtu mmoja wa baiskeli. Ananunua mkate mmoja, anaufunga kwa karatasi yake, anautia mfukoni mwa koti. Sijawahi kumwona akiumega. Juzi nilikuwa nimekwenda kisimani, akamkuta Spesiosa kwenye uzio, akamsalimu kwa Kirundi, "Amahoro." Naye maskini akaitika kabla hajafikiri. Yule mtu akatabasamu, akapanda baiskeli yake. Siku hiyo mkate hakununua.

Nikaenda kwa jirani yetu Mzee Bonaventura, kwa kuwa alikuwa karani wa mahakama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. "Mama Anatoli! Umemchukulia mtu mahindi shambani, ukayachoma, halafu ukampelekea na kapu ili ayaonje?" Nilikasirika, lakini nilibaki kumsikiliza.

Anasema jina la biashara na picha yake huandikishwa huko huko Dar es Salaam uliko, kwenye ofisi ya serikali ya majina na alama za biashara. Aliyetangulia kuandikisha ndiye mwenyewe. Ilitakiwa tutafute kwanza kama jina lina mtu, ndipo tuwashe tanuri. Nikamwambia sisi tumeweka Ndogo, si jina lile lile. Akasema hawatazami hilo tu, wanatazama kama mnunuzi anaweza kudhani mkate huu umetoka kwa yule. Na taa yetu na taa yao ni kama mtu na kivuli chake. Tena akasema mwenye jina akishtaki, wanakuja kuona mahali pa kazi, wanaandika walio hapo, kila mtu na anakotoka.

Bibi yako aliposikia alisema, "Jina la taa lina mwenyewe? Basi na mwezi nao wameuandikisha, tutaambiwa tusiangalie juu." Tulicheka kidogo. Spesiosa hakucheka.

Sasa sikiliza, baba, nenda kwenye ofisi hiyo. Martini akishakukabidhi barua hii usipite kwingine, nenda. Omba watafute KARABAI kwa upande wa mikate na vyakula. Mzee Bonaventura anasema vitu vimetengwa mafungu, huenda jina limeandikishwa kwa taa au kwa mafuta tu na mkate haumo. Uliza na ile picha ya taa, maana picha nayo huandikishwa peke yake. Uliza kama ni Mzee Feliksi kweli aliyeandikisha, kwa kuwa mkwewe anaongea kama mwenyewe lakini huenda hawajaandikisha chochote. Pia nimefikiria jina jingine, TANURI LA LEONIA, kwa ajili ya bibi yako. Nalo litafute nchi nzima, hata kama mwenyewe yuko Mwanza. Sitaki tena kuchukua jina kwa kudhani.

Nilitaka kukomea hapo, lakini asubuhi hii imekuja salamu. Mlinzi yule yule. Amesimama mlangoni akasema kama mtu aliyekaririshwa, "Mzee anasema Jumatatu ya Pasaka atakuja kumwona mjukuu wake aliyepewa. Atakuja na wageni. Anaomba waokaji wote wawepo."

Anatoli, ndivyo Mzee Anatoli alivyokuja kukuona wewe, na wageni, na kitenge begani. Ingekuwa hivyo ningefagia uwanja kuanzia leo. Lakini waokaji wote wawepo, kwa nini? Nimeuliza wageni ni akina nani. Mlinzi akasema hakuambiwa.

Spesiosa ameshafunga nguo za Aurore. Anasema atarudi kambini kwa miguu yake kabla hawajampakia lorini mbele ya majirani. Nimemzuia. Barabara ya Kasulu kwa mvua hizi, na mtoto mgongoni, nitamwachaje? Nimemwambia tusubiri neno lako. Nimeuzima moto, muhuri nimeuficha chini ya kitanda cha bibi. Mlinzi nilimjibu mzee karibu, maana ningejibuje?

Kwa hiyo usiniandikie barua, itachelewa, na mvua zikiikata reli tena haitafika. Nenda posta upeleke simu ya maandishi kwa jina la Mzee Bonaventura. Neno moja linatosha. Kama jina lina mwenyewe, andika LIPO, nami nitauchoma muhuri, nitavunja tanuri, na Spesiosa nitampeleka kwa watu ninaowaamini, siwataji hapa. Kama halina, andika HALIPO, basi hawana cha kutushtakia, tutawasha moto na kumpokea mzee na wageni wake kwa mkate wa moto. Nisipopata neno sijui nitafanya nini, na Jumatatu ile itafika tu.

Bibi anakusalimu, anasema ule. Wema anasema umtafutie jina la mtoto, ila kwanza uulize kama lina mwenyewe, ananicheka huyo. Gasper anakusalimu. Wasalimie wote wanaokufahamu huko. Mungu akutangulie mlangoni mwa hiyo ofisi, akupe mtu mwema wa kukusikiliza, na akulinde njia zako zote.

Spesiosa amekaa hapa karibu yangu ninapoandika. Hajui kusoma Kiswahili vizuri, ameniuliza nimeandika nini mwishoni. Nimemwambia nimeandika ufanye haraka.

Fanya haraka, mwanangu.

Mama yako akupendaye na kukungoja,
Agnesi